Nilivunja freni ya gari ya yaya: somo nililopewa na fundi aliyetoka Goma

Kila siku ninawaletea habari za soko, za barabara na za treni iliyochelewa. Leo ninaleta habari yangu mwenyewe, na si ya kujivunia. Niliharibu gari ya yaya wangu kwa mikono yangu, kisha nikawadanganya watu kwa muda wa wiki mbili.

Ninaieleza kwa sababu mbili. Ya kwanza, magari ya namna hii yanazidi kuingia katika mji wetu, na kijana yeyote mwenye kriki na funguo chache anaweza kufanya kosa nililofanya. Ya pili ni mtu aliyenitoa katika shida ile. Nilimwona mara nyingi akipita mbele ya mlango wetu na kinga yake ya makala, na sikuwahi kumuuliza alikuwa anafanya kazi gani kwao.

Gari yenyewe ni mtumba kutoka Ulaya. Yaya aliinunua Lubumbashi, ikapandishwa kwenye wagoni, ikafika Kamina baada ya karibu kilomita 600 za reli. Ulikuwa msimu wa mvua na hakuna dereva aliyekubali kuileta kwa barabara. Siku ilipofika, lupango nzima ilitoka kuiangalia. Katikati ya viti viwili vya mbele, pale tulipozoea kuona mkono wa freni, hapakuwa na mkono. Palikuwa na kitufe kidogo chenye herufi P ndani ya duara. Unakivuta, unasikia nyuma mlio wa zzzii, gari imefungwa. Unakanyaga freni, unakibonyeza, zzzii tena, imefunguka. Watoto waliomba tufanye hivyo mara kumi.

Yaya alipopata kazi Kolwezi, aliniachia gari na neno moja: "Hii gari haiko ya kutembea-tembea. Iko ya kazi." Na kweli ilifanya kazi. Siku za soko ilibeba unga na samaki za mama za avenue yetu. Usiku ilipeleka wagonjwa hospitali. Kwa pesa ile tulilipa masomo ya watoto watatu, wawili wangu na mmoja wa yaya.

Mvua zilipokaribia kwisha, nilianza kusikia mkwaruzo nyuma kila nilipokanyaga freni. Plakete zilikuwa zimekwisha. Sikuogopa, kwa maana kubadilisha plakete nilifundishwa na marehemu baba kwenye pikapu za zamani: unainua gari, unatoa gurudumu, unafungua etrie, unarudisha pistoni ndani kwa kibano, unatia plakete mpya, unafunga. Hata kwenye gari hii ya yaya, plakete za mbele nilikuwa nimezibadilisha mwenyewe bila shida. Hilo ndilo lililonidanganya. Nilifikiri mbele na nyuma ni kitu kimoja.

Ilikuwa siku ya Mungu, baada ya misa. Nilitia jiwe mbele ya gurudumu, nikainua nyuma, nikatoa gurudumu la kuume. Nyuma ya etrie niliona kiboksi cheusi cha plastiki chenye waya. Nikajiambia ni kitu cha kupima mwendo wa gurudumu, hakinihusu. Nikaazima kibano kikubwa cha fundi mbao jirani, nikakaza. Pistoni haikusogea. Nikakaza tena. Haikusogea. Nikamwita kijana mmoja wa lupango, tukavalisha bomba la chuma kwenye mkono wa kibano ili nguvu iongezeke. Tukasukuma wawili.

Ikalia: ka!

Pistoni iliingia kidogo ikakwama. Nilirudisha kila kitu na plakete za zamani, nikawasha gari. Taa ya freni ikaanza kuwaka na kuzima kwenye ubao. Nikavuta kitufe. Upande wa kushoto ulilia zzzii kama kawaida. Upande wa kuume ulilia trrrr, kama mahindi yanayosagwa kwenye mashine isiyo na jiwe. Nikabonyeza kufungua: kushoto kukafunguka, kuume kukabaki kumefungwa. Gari haikutoka lupango tena.

Watu walipouliza, nilisema: "Ni batri." Yaya alipopiga simu kutoka Kolwezi, naye nilimwambia ni batri. Wiki mbili nzima nilisema batri.

Katika wiki ya pili, usiku wa manane, walibisha mlangoni. Mke wa jirani wa tatu alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mume wake alisimama mbele yangu na taa ya simu, akaniambia tu: "Yaya, gari." Nikamwambia ni batri. Alinitazama kidogo, kisha akakimbia kutafuta pikipiki. Waliondoka watatu juu ya pikipiki moja: dereva mbele, yule mama katikati, na mdogo wake nyuma akimshika kiuno. Nilisikia pikipiki ile ikipita kwenye mashimo ya avenue hadi sauti ikapotea. Mama alizaa salama, mtoto mwanamke. Lakini mimi sikulala, na asubuhi sikutaka kutoka nje.

Siku tatu baadaye nilikuwa nimekaa karibu na gari, nikijifanya kuipangusa. Mtu mmoja alipita akisukuma kinga yake na magunia mawili ya makala. Alikuwa mzee kidogo kuliko mimi, ndevu zimeanza kuwa nyeupe. Alisimama kwenye mlango, akatazama gari, akatazama lile jiwe, akacheka kidogo. Kwa Kiswahili cha Kivu akasema: "Gari ya kitufe, na munaitegea jibwe?"

Nikamjibu imeharibika. Akaegemeza kinga kwenye ukuta, akaomba ruhusa ya kuingia, akainama nyuma ya gurudumu la kuume. Hakugusa kitu. Akauliza: "Nani alisukuma pistoni?"

Sikuwa nimemwambia kitu. Wala kijana aliyenisaidia hakuwa pale. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikasema: "Ni mimi, papa."

"Na mota ulikuwa umeirudisha kwanza?"

"Mota gani?"

Ndipo akakaa chini juu ya jiwe langu, akanieleza. Nitawapa maelezo yake kama nilivyoyaelewa.

Freni ya mkono ya zamani inavutwa na kebo. Ukiachia mkono, kebo inalegea. Kwenye freni ya kitufe kuna namna mbili. Kwenye magari mengine mota moja iko chini ya gari na inavuta kebo zile zile za zamani. Kwenye mengine, kama hii ya yaya, kila etrie ya nyuma ina mota yake ndogo, ndani ya kile kiboksi cheusi nilichokidharau. Mota inazungusha gia, gia zinazungusha skrubu, na skrubu inasukuma pistoni kutoka ndani mpaka plakete zibane disiki. Mota ikisimama, skrubu inabaki pale ilipofika. Haihitaji umeme ili ishike. Inahitaji umeme ili iachie.

Kwa hiyo ukitaka kurudisha pistoni, lazima kwanza skrubu irudi nyuma. Mimi nilipokuwa nasukuma kwa kibano na bomba, skrubu ilikuwa imesimama nyuma ya pistoni kama mtu aliyeegemea mlango kutoka ndani. Nguvu zangu zote zilikwenda kwenye skrubu na kwenye meno madogo ya gia. Sauti ya ka! ilikuwa ya meno yale.

Jirani yetu mmoja, muzee aliyestaafu kazi ya reli, alikuwa amesogea kusikiliza. Ninyi mnajua Kamina ni mji wa reli: mstari wa Lubumbashi na Ilebo ulikamilika mwaka 1928, na wa kwenda Kabalo ukafuata miaka ya 1950. Wazee wetu wengi waliishi kwa freni za wagoni. Muzee akasema: "Ah, ni kama treni. Bomba ya hewa ikikatika, wagoni inajifunga yenyewe. Haiachie mpaka hewa irudi." Yule fundi akafurahi. Akasema katika miaka yake yote ya kufundisha vijana hakuwahi kupata mfano mzuri kama ule. George Westinghouse aliivumbua freni ya hewa ya treni Marekani mwaka 1869, na wazo la kitu kinachoshika chenyewe nguvu inapokatika, watu wa reli wa Kamina wanalijua tangu zamani. Ni mimi tu, mtoto wa mji ule ule, niliyelisahau.

Hapo nikamuuliza ametoka wapi. Alikuwa na garaji ndogo Goma. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, vita ilipoingia mjini, alifunga mlango na kuacha kila kitu: kriki tatu, funguo za miaka ishirini, kompresa. Alipita Bukavu, na Bukavu nayo ikaanguka mwezi wa pili. Akashuka Uvira, akapanda mashua ya Ziwa Tanganyika hadi Kalemie pamoja na mke na watoto wanne, kisha kipande kwa lori na kipande kwa treni mpaka hapa, kwa ndugu wa mke wake. Katika mfuko alibeba karte zao za mpiga kura, nguo za watoto, na kijambo kimoja kidogo kama kiberiti kilichofungwa ndani ya soksi. Ni kifaa kinachochomekwa kwenye tundu chini ya usukani na kuongea na simu. Mke wake alimgombeza njiani: unabeba kile badala ya sufuria?

Nikamwambia kwa haraka: "Basi, papa, utanitengenezea?" Akasema atafanya, lakini nimpe siku mbili amalize makala ya watu.

Katika siku mbili zile, maneno yalianza. Jirani mmoja aliniita pembeni: "Hawa watu ba kule, unabajua? Utamupatia gari, kesho iko wapi?" Sitaficha, na mimi moyo ulinigonga. Nilikuwa namjua mtu yule kwa dakika thelathini tu. Ni muzee wa reli aliyejibu, na hakupandisha sauti. Alikumbusha mwaka 1992 na 1993, wakati watu wa Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, wakaletwa kwa treni kupitia hapa Kamina, wamekaa juu ya masanduku na magodoro, wengine wamezaliwa Katanga na hawajawahi kuona Kasai. "Nilikuwa kwenye stasio," alisema. "Kati yao kulikuwa walimu, mafundi, watu ba mashine. Sisi tuliona tu bagaji. Mutu anaachaka nyumba yake juu ya kupenda?" Yule jirani hakujibu. Nami nilikwenda mwenyewe kwa shefu wa kartie, nikakuta fundi alikwisha jiandikisha pale siku ya kwanza aliyofika, jina la kila mtoto liko kwenye daftari.

Alikuja asubuhi ya siku ya tatu. Tulikuwa na nusu nusu: mimi nina kriki, funguo na lupango, yeye ana kifaa na akili. Kazi ilichukua siku mbili, na katikati yake siku nane za kungoja. Nitaieleza hatua kwa hatua, na vijana wanaotaka kujifunza waandike.

Kwanza, uwanja uwe sawa na mgumu, na mawe yatiwe kwenye magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake. Nilidhani atacheka jiwe langu tena. Kumbe alicheka tu kwa sababu lilikuwa limechukua kazi ya freni. Wakati wa kutengeneza freni ya nyuma, gari haina freni ya kusimamia hata kidogo, na jiwe ni lazima. Kriki peke yake haitoshi pia: alikata vipande vya mti wa mninga na kuviweka chini ya chuma cha gari kabla mtu hajatia mkono.

Pili, batri. Hapa nilicheka mwenyewe kwa uongo wangu. Alisema batri dhaifu ndiyo adui wa kazi hii, kwa maana umeme ukianguka wakati mota inarudi, skrubu inaweza kusimama katikati na gari ikapoteza hesabu. Tuliazima batri ya pili ya volti 12 kutoka kwa kijana anayechaji simu kwa paneli ya jua, tukaziunganisha.

Tatu, kuongea na gari. Alichomeka kifaa chini ya usukani, simu yake ikaandika kwa Kifaransa. Alitafuta sehemu ya freni, kisha "hali ya matengenezo". Akanionya juu ya jambo ambalo wengi hawalijui: vifaa vingi vya bei ndogo sokoni vinasoma makosa ya injini tu, haviwezi kufungua freni. Kabla ya kununua, uulize kama kinafika kwenye freni ya kusimamia na kama kinakubali aina ya gari yako. Magari mengine yana njia bila kifaa, kwa kukanyaga pedali na kuvuta kitufe kwa mpango fulani, na mpango ule uko katika kitabu cha gari ile. Usichukue mpango wa gari nyingine.

Alipobonyeza, upande wa kushoto ulilia zzzii ndefu kuliko kawaida. Skrubu ilikuwa inarudi nyuma kabisa. Kuanzia pale alitoa ufunguo wa gari, akautia mfukoni mwake, akawafukuza watoto wote karibu na milango. Magari mengine freni inajifunga yenyewe ukizima injini au ukigusa kitufe, na mota ile haijui kama kilicho kati ya plakete na disiki ni chuma au ni kidole. Goma aliwahi kuona kijana aliyepoteza ncha ya kidole namna ile.

Upande wa kushoto, sasa, alinipa kibano mimi. "Sukuma wewe," akasema. Nikaogopa. Nikakaza kwa vidole viwili tu, na pistoni ikaingia polepole kama kijiko ndani ya bukari ya moto. Hapo ndipo nilipoelewa, kuliko kwa maneno yote. Pistoni ikikataa nguvu ya mkono, usitafute bomba. Simama, uliza kuna nini nyuma yake. Kabla ya kusukuma alifungua pia kifuniko cha mafuta ya freni na kutazama yasijae yakamwagika, kwa maana mafuta yale yanakula rangi ya gari.

Etrie haikuachwa ining'inie kwa mpira wake. Aliifunga kwa waya juu. Vumbi la plakete hakulipuliza kwa mdomo, alilipangusa kwa kitambaa chenye maji, kwa maana vumbi lile si zuri kwa mapafu. Pini ambazo etrie inatelezea alizisafisha na kuzipaka grisi ya freni, si grisi ya baiskeli. Na plakete zinabadilishwa pande zote mbili, hata kama upande mmoja bado una nyama, ili gari isivute upande mmoja.

Upande wa kuume, ule nilioua, ulikuwa kazi nyingine. Alichomoa waya za mota, akafungua skrubu mbili zinazoishika kwenye etrie, akaitoa. Kisha akazungusha mhimili wa etrie kwa mkono mpaka gurudumu likaachia. Ndani ya kiboksi alinionyesha meno ya plastiki yaliyokatika, yamekaa pamoja kama mchele. Mhimili nao ulikuwa umepinda. Hapakuwa na kutengeneza. Tulipiga simu Lubumbashi, tukapata etrie nzima ya mtumba pamoja na mota, dola 80, ikaja kwa treni baada ya siku nane. Dola 80 kwa kusukuma mara moja. Plakete zenyewe zilikuwa dola 15.

Etrie ilipofika, alifunga, akatoa hewa katika bomba za freni kwa mafuta mapya kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Mafuta ya freni yananyonya maji kutoka hewani, alisema, na chupa iliyokaa wazi miezi mingi si ya kuaminiwa. Nilikanyaga pedali mara nyingi gari ikiwa imesimama, mpaka ikawa ngumu. Hili msisahau: baada ya kurudisha pistoni, kanyago la kwanza linashuka mpaka chini, na ukiwa barabarani tayari, utagonga mtu. Kisha akarudi kwenye simu, akafunga hali ya matengenezo, na mota zote mbili zikapima zenyewe umbali mpya wa plakete. Zzzii kushoto, zzzii kuume. Taa ikazimika.

Tulitoka naye kwenye barabara ya tambarare, tukafunga freni kwa upole mara kama kumi bila kusimama kabisa, ili plakete na disiki zizoeane. Mwishoni alivuta kitufe, akashuka, akasukuma gari kwa bega. Haikusogea. Akaniambia niwe navuta kitufe kila siku, hata kama Kamina haina vilima. Sisi hapa tumezoea jiwe, na freni isiyotumika inashika kutu mpaka siku unayoihitaji.

Nilimuuliza bei. Alitaja kiasi kidogo mno. Nikamlipa zaidi, na nikamwambia sababu: kama mtu mgeni anafanya kazi kwa bei ya makala, mafundi wa hapa watamchukia, na wana haki. Alifikiri, akakubali. Sasa anafanya kazi chini ya mti wa manga karibu na lupango yetu, na kijana wa kwado wa avenue anamletea wateja, naye anampelekea wenye matairi. Vijana wawili wanajifunza kwake. Kinga ya makala bado anayo, kwa maana magari yenye kitufe Kamina si mengi bado, na wiki nyingine hazileti hata moja.

Jioni ya siku ile nilifanya simu mbili. Ya kwanza kwa yaya. Nilimwambia: si batri, ni mimi. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza: "Na plakete za mbele, nani alitia?" Nikasema ni mimi, lakini hizo ziko salama, fundi amezitazama. Akasema: "Basi umukuye huyo fundi karibu." Dola 80 ninazirudisha kidogo kidogo.

Simu ya pili nilifanya kwa miguu. Nilikwenda kwa yule jirani wa tatu, nikamwambia usiku ule gari haikukosa batri. Niliivunja mwenyewe na nikaona aibu kusema. Kama ningalisema mapema, pengine mtu angenionyesha fundi aliyekuwa anapita mbele ya mlango wetu kila siku. Jirani hakunisamehe pale pale, na sikumtazamia afanye hivyo. Mke wake alikuwa amembeba mtoto. Alisema tu: "Mutoto akiwa na homa, tutakuja kugonga." Wiki iliyopita walikuja kugonga. Nilikanyaga freni, nikabonyeza kitufe, na gari ikaachia.

Kwa ninyi mliotoka mbali na mna kazi mikononi: jiandikisheni kwa shefu wa kartie, na mseme kazi yenu kwa sauti, hata kama leo mnabeba makala. Fundi wetu hapendi kuitwa mkimbizi. Anasema: "Niko katika nchi yangu, nimebadilisha mji." Na kwa sisi wenyeji: kabla hamjaazima kibano cha jirani, ulizeni kwanza nani amekaa kwenye lupango ya jirani.

Mwenye swali la freni ya kitufe alilete kwangu, nitamfikishia fundi. Mimi mwenyewe sitajibu.

Mwandishi wenu, Kamina.